Bandeji, soksi, mikanda au pampu: kipi kinafaa mguu wenye limfedema?

Mtu ambaye mguu wake umevimba kwa miezi au miaka, akianza kutafuta kifaa cha kubana, huuliza kwanza kipi kinabana zaidi. Swali hilo linampoteza. Vifaa viwili vinaweza kutoa kipimo kilekile mgonjwa akiwa amelala, lakini akisimama na kutembea kimoja kikafanya kazi kubwa na kingine kikatanuka tu pamoja na mguu. Halafu kuna suala la mikono. Soksi bora kuliko zote, ikiwa huwezi kuipitisha kisigino, itaishia kabatini. Kwa hiyo vifaa vinne vilivyomo humu nimevipima kwa mambo mawili, ugumu wa kitambaa na uwezo wa mvaaji. Upande wangu siufichi: naona soksi laini za kawaida zinaagizwa mno, mavazi ya mikanda yanadharauliwa, na pampu hununuliwa mapema kuliko inavyostahili.

Limfu ni maji yenye protini yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, yakapita kati ya seli, kisha yakarudishwa kwenye damu na mishipa ya limfu kupitia tezi zake. Njia hizo zinaweza kuharibiwa na upasuaji au mionzi ya kutibu saratani, minyoo ya filaria inayoleta matende, maambukizi ya ngozi yanayojirudia, unene uliopindukia au vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zilizochoka kwa muda mrefu. Wengine huzaliwa nazo zikiwa pungufu. Maji hubaki mguuni, na uvimbe huo ndio limfedema. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki, na ukilala usiku uvimbe hushuka. Miaka ikipita, mafuta na nyuzi ngumu hujijenga chini ya ngozi, shimo halitokei tena kwa urahisi, na kuinua mguu peke yake hakubadilishi kitu. Dalili moja wataalamu huitafuta mapema: kushindwa kubana na kuinua ngozi juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Inaitwa dalili ya Stemmer. Ikiwepo, inaelekeza wazi kwenye limfedema, ingawa kutokuwepo kwake hakuiondoi.

Mgandamizo, yaani huko kuubana mguu, hauirudishi mishipa iliyokatika. Unapunguza maji yanayovuja, unasaidia yaliyopo kusogea kuelekea juu, na kwa wiki kadhaa unalainisha sehemu zilizoanza kuwa ngumu. Ukiachwa, uvimbe hurudi. Dawa za kukojoza, ambazo wagonjwa wengi hupewa kwanza, hutoa maji na chumvi mwilini lakini protini inabaki mguuni na kuyavuta tena. Hazina nafasi katika limfedema, isipokuwa kama kuna ugonjwa mwingine, wa moyo kwa mfano, unaozihitaji.

Kabla ya kubana chochote

Mguu unaokosa damu ya kutosha haubanwi kama miguu mingine. Kipimo cha kawaida ni kulinganisha shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na lile la mkono. Jibu likizidi 0.8 na lisipite 1.3, mgandamizo kamili kwa kawaida unaruhusiwa. Likiwa kati ya 0.5 na 0.8, ni mgandamizo mwepesi tu, tena chini ya macho ya mtaalamu. Chini ya 0.5 usibane. Jibu linalopita 1.3 nalo si habari njema: huashiria ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zilizokauka kwa chokaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari, na kipimo hicho hakiaminiki tena. Hapo hutafutwa kingine, mara nyingi shinikizo la damu kwenye kidole gumba cha mguu.

Moyo ulioshindwa kazi na ambao haujatulizwa kwa dawa ni kizuizi kingine, kwa sababu maji yanayosukumwa kutoka miguuni yanaishia kwenye moyo huohuo. Mguu uliokufa ganzi unahitaji uangalizi wa karibu, maana mwenyewe hatasikia kitambaa kinapomchubua. Uvimbe uliotokea ghafla kwenye mguu mmoja, wenye maumivu, unaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya vena. Huo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na mguu ulioiva kwa wekundu, wenye joto, huku mtu ana homa na kutetemeka, una maambukizi yanayohitaji antibiotiki kwanza. Mgandamizo hupunguzwa au husimamishwa mpaka mguu uvumilie tena.

Ugumu na kukaza si kitu kimoja

Hapa ndipo ulinganisho wote unaposimama, na ndipo maelezo mengi yanapopaharakisha.

Kitambaa chenye mpira mwingi hukaza wakati wote. Ukilala kinakaza, ukikaa kinakaza, na ukitembea, misuli ya shavu la mguu inapotutumka, kinatanuka kuipisha. Kitambaa kisichovutika sana kina tabia tofauti. Ukitulia hakikusumbui, lakini misuli inapotutumka kinagoma, shinikizo linapanda kwa sekunde, kisha linashuka misuli inapolegea. Ni tofauti ya kusukuma puto na kusukuma ukuta. Kupanda na kushuka huko, hatua kwa hatua, ndiko kunakosukuma limfu. Wataalamu hutofautisha mgandamizo wa mapumziko na mgandamizo wa kazi. Kwa limfedema unataka wa kwanza uwe mdogo na wa pili uwe mkubwa.

Ndiyo maana zile bandeji za rangi ya ngozi zinazovutika mara mbili au tatu ya urefu wake, wanazofungwa wanamichezo walioteguka, hazifai kazi hii. Zinakaza mno usiku na hazifanyi kazi ya kutosha mchana. Vilevile soksi nyeupe za wodini, zile za kuzuia damu isigande, zimetengenezwa kwa mtu aliyelala kitandani, si anayetembea na limfedema. Hizo mbili naziacha nje ya mashindano.

Jambo la pili ni umbo. Kanuni ya Laplace inasema kwamba kitambaa kikivutwa kwa nguvu ileile, kitabana zaidi penye mzingo mdogo na kidogo penye mzingo mkubwa. Mguu wa kawaida ni mwembamba kifundoni na mnene juu, hivyo mgandamizo hupungua wenyewe kadiri unavyopanda, ndivyo inavyotakiwa. Mguu wa limfedema hauna nidhamu hiyo. Una mikunjo kifundoni, uvimbe juu ya wayo, pengine nundu juu ya goti. Kifaa kisichoweza kushughulikia umbo kitaunda mkanda mkali kwenye mkunjo na kusukuma maji kule ambako hakibani.

Bandeji za tabaka

Bandeji hizi si kitambaa kimoja. Kwanza huvaliwa soksi nyembamba ya pamba kulinda ngozi. Vidole hufungwa kimoja kimoja kwa shashi, maana visipofungwa maji hukimbilia huko. Kisha huja tabaka la pamba au sponji, ambalo kazi yake ni kuusawazisha mguu: hujaza mabonde, hufunika mifupa iliyochomoza, huupa mguu umbo la mviringo. Mwisho kabisa ndipo zinapofungwa bandeji zisizovutika sana, mbili, tatu au zaidi, kuanzia kwenye wayo kwenda juu.

Hakuna kifaa kingine kinachoweza kuukabili mguu wowote namna hii. Mguu uliopinda umbo, wenye vidonda, unaochuruzika maji, wenye mikunjo mirefu, wote unafungika. Kitambaa ni kigumu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kukaa nazo saa 22 hadi 24, akalala nazo, akatembea nazo. Katika hatua ya kwanza ya tiba, ile ya kuushusha uvimbe, hufungwa kwa wiki mbili hadi nne, mara nyingi zikibadilishwa kila siku, kwa sababu mguu unapungua haraka na bandeji ya jana inalegea leo.

Na hapo hapo ndipo udhaifu wake. Shinikizo hushuka ndani ya saa chache kadiri uvimbe unavyopungua, na mgonjwa hawezi kukaza upya bila kufungua zote. Zinahitaji mikono iliyofundishwa. Mtu asiyejua akizifunga, atakaza juu na kulegeza chini, na mguu utavimba chini ya bandeji. Viatu haviingii. Joto na mwasho vinachosha. Kuna kufua, kukausha na kuviringisha. Mgonjwa au ndugu yake anaweza kufundishwa, na wapo wanaozifunga vizuri kabisa, lakini mwenye mgongo unaouma au tumbo kubwa hatafika kwenye vidole vyake mwenyewe.

Je, inafaa kuziruka na kuanza na soksi moja kwa moja? Jibu limepimwa. Mwaka 2000 Badger na wenzake wa Uingereza walichapisha jaribio la wanawake wenye limfedema ya mkono au mguu mmoja. Kundi moja lilianza na bandeji za tabaka kwa siku 18 kisha likaendelea na mavazi ya kubana, kundi la pili lilivaa mavazi hayo tangu mwanzo. Baada ya wiki 24 uvimbe ulikuwa umepungua kwa asilimia 31 katika kundi la kwanza na asilimia 15.8 katika la pili. Kwa mguu ulioshiba maji au uliopoteza umbo, sioni sababu ya kubishana na hilo. Kwa uvimbe mdogo wa mwanzo, unaobonyea na unaoshuka usiku, soksi tangu mwanzo inaweza kutosha.

Soksi, na ufumaji wake

Watu husema "soksi za kubana" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna familia mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalogharimu wengi.

Za kwanza hufumwa kwa duara. Mashine ina idadi ileile ya sindano kutoka chini hadi juu, hivyo umbo hupatikana kwa kukaza au kulegeza uzi, si kwa kuongeza vishono. Hazina mshono nyuma, ni nyembamba, zinapendeza, zinaingia ndani ya kiatu cha kawaida, na nyingi hupatikana kwa saizi zilizo tayari. Kwa vena dhaifu ni chaguo zuri. Kwa limfedema zinafaa pale tu uvimbe ni mdogo na mguu bado una umbo lake. Ukizivaa kwenye mguu wenye mikunjo, zinajikunja ndani ya mkunjo na kukata ngozi kama uzi. Na kwa kuwa zina mpira zaidi, huvuliwa usiku.

Za pili hufumwa bapa, kama kipande cha kitambaa, kisha hushonwa kwa mshono unaoonekana. Mfumaji huongeza na kupunguza vishono kila mstari, kwa hiyo soksi inaweza kuwa nyembamba kifundoni, pana ghafla juu yake, na nyembamba tena gotini, kama mguu wenyewe ulivyo. Uzi ni mzito, kitambaa ni kigumu, hakizami kwenye mikunjo bali hupita juu yake. Hutengenezwa kwa vipimo vya mtu mmoja, na zaweza kuongezwa soksi ya vidole, zipu au mfuko wa sponji penye nundu. Hazipendezi. Zina joto. Kuzivaa ni kazi. Lakini kwa limfedema iliyoshapita hatua ya mwanzo hizi ndizo soksi halisi, na mtu aliyekata tamaa na "soksi" mara nyingi hajawahi kuvaa hizi.

Daraja la mgandamizo nalo lina mtego wake. Hupimwa kwa milimita za zebaki kwenye kifundo, lakini kila nchi ina viwango vyake:

| Daraja | Uingereza | Ujerumani | Ufaransa |
|---|---|---|---|
| 1 | 14–17 | 18–21 | 10–15 |
| 2 | 18–24 | 23–32 | 15–20 |
| 3 | 25–35 | 34–46 | 20–36 |
| 4 | – | 49 na zaidi | zaidi ya 36 |

Kwa hiyo "daraja la pili" bila kutaja nchi halina maana. Soksi ya daraja la pili ya Kijerumani inaweza kubana kama ya daraja la tatu ya Kiingereza. Agiza kwa milimita. Limfedema ya mguu mara nyingi huhitaji 30 na kuendelea, wakati mwingine 40 au zaidi, lakini mzee asiyeweza kuvaa ya 40 atafaidika zaidi na ya 25 anayoivaa kweli. Soksi mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni ujanja mzuri: mgandamizo unajumlishwa kwa sehemu kubwa, ugumu unaongezeka, na kila moja inavutika kwa urahisi.

Urefu haufuati kanuni ya "ndefu ndiyo bora". Uvimbe ukiishia chini ya goti, soksi ya goti inatosha, na ni rahisi zaidi kuivaa. Ukipanda pajani, soksi ya goti itausukuma ukusanyike juu ya goti, hivyo inabidi ifike pajani au kiunoni. Vidole vikivimba, soksi iliyo wazi mbele haitoshi bila kofia ya vidole.

Kuhusu faida ya soksi kwa jambo linalowatesa wengi kuliko uvimbe wenyewe, yaani maambukizi yanayojirudia, kuna ushahidi mzito. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 84 wenye uvimbe sugu wa miguu ambao tayari walikuwa wamepata maambukizi ya ngozi zaidi ya mara moja. Waliopata mafunzo na mgandamizo, maambukizi yaliwarudia asilimia 15. Waliopata mafunzo pekee, asilimia 40. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa jinsi tofauti ilivyokuwa wazi. Nikimshawishi mtu anayesitasita kuvaa, namba hizo ndizo ninazotaja kwanza. Mwonekano wa mguu unaweza kusubiri.

Mavazi ya mikanda

Hili ni vazi la kitambaa kigumu kinachozunguka mguu na kufungwa kwa mikanda yenye velkro, mmoja juu ya mwingine, kutoka kifundoni hadi gotini. Wayo una kipande chake, na paja lake likihitajika. Kitambaa hakivutiki sana, hivyo tabia yake iko karibu na ya bandeji: mgandamizo mdogo ukitulia, mkubwa ukitembea. Tofauti ni kwamba mguu ukipungua saa sita mchana, mvaaji anainama, anavuta mikanda, na shinikizo limerudi. Baadhi huja na kadi ya kupimia inayoonyesha umekaza milimita ngapi.

Mwaka 2013 Damstra na Partsch walilinganisha mavazi haya na bandeji zisizovutika kwa wagonjwa 30 wa limfedema ya mguu waliokuwa wanaanza tiba. Ndani ya saa 24 mavazi ya mikanda yalipunguza ujazo wa mguu zaidi. Jaribio lilikuwa dogo na fupi, halitoshi kuziondoa bandeji kwenye miguu migumu, lakini linatosha kuondoa ile dhana kwamba mikanda ni ya wazee walioshindwa soksi.

Kwa mwenye vidole vya mikono vinavyouma, mwenye nguvu kidogo, anayehitaji kufungua mara kwa mara kusafisha kidonda au kukagua ngozi, vazi la mikanda halina mshindani. Linapokosa ni kwenye maeneo ya pembeni. Wayo na vidole hubanwa vibaya na mara nyingi huhitaji soksi fupi ndani. Mguu wenye nundu kubwa huacha nafasi kati ya mikanda, na nafasi hizo hufura. Chini ya suruali vazi linaonekana, velkro hushika uzi wa nguo na huchoka kabla ya kitambaa. Na uhuru wa kukaza ni uhuru wa kulegeza pia: anayelegeza kila anaposikia kubanwa atafika jioni akiwa amevaa pambo.

Pampu ya hewa

Pampu ni mfuko wa buti wenye vyumba vinavyojazwa hewa kwa zamu, kutoka wayo kwenda juu, kisha vikaachiliwa. Mtu hulala au kukaa nayo kama saa moja, mara nyingi kwa shinikizo la milimita 30 hadi 60. Inasisimua kuona mguu umelegea baada ya saa moja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pampu husogeza maji vizuri kuliko protini, na usipovaa kitu cha kubana mara baada ya kuizima, maji yanarudi. Haishiki nafasi ya soksi wala ya mikanda, inaongezewa juu yake.

Tena ina hatari yake. Maji yanayosukumwa kutoka mguuni yanafika kinenani, na kama njia za limfu za huko ndizo zilizoharibika, kwa mfano baada ya kuondolewa tezi za nyonga kwa saratani, sehemu za siri zinaweza kuvimba. Asiyeulizwa kuhusu hilo kabla ya kupewa pampu hajapewa ushauri kamili. Haitumiki kwenye maambukizi yanayoendelea, damu iliyoganda hivi karibuni, wala moyo ulioshindwa. Inapopata nafasi yake ni kwa mtu asiyetembea sana, ambaye misuli ya shavu la mguu haifanyi kazi ya kusukuma, au ambaye soksi na mazoezi vimefika mwisho wa uwezo wake na bado mguu unafura kila jioni.

Nani achukue nini

Mguu uliovimba kidogo, unaobonyea, wenye umbo zuri: soksi iliyofumwa bapa, au ya duara iliyo imara ikiwa bapa haipatikani. Mazoezi yasisahaulike. Kukunja na kunyoosha kifundo ukiwa umevaa kuna faida kubwa kuliko ukiwa mtupu, kwa sababu ile ya ukuta niliyoeleza.

Mguu mnene, mgumu, wenye mikunjo: bandeji kwanza, hadi vipimo viache kushuka, ndipo soksi ya bapa. Asiyepata mtu wa kumfunga kila siku aanze na vazi la mikanda na sponji chini yake. Si sawasawa, lakini ni bora kuliko kusubiri.

Mikono dhaifu, au mtu anayeishi peke yake: mikanda. Kabla ya kukata tamaa na soksi, jaribu glavu za mpira zenye uso usioteleza, maana nusu ya ugumu ni kitambaa kuteleza mikononi, na mfuko laini wa kuteleza unaovaliwa kwanza kwenye wayo. Mafuta ya ngozi yapakwe jioni. Ukipaka asubuhi soksi haipandi na mpira wake huharibika.

Kidonda kinachochuruzika: bandeji au mikanda, si soksi, mpaka kikauke.

Mwenye matende ataona mambo haya yote yanamhusu, ila kwake usafi ndio unaotangulia: kuosha mguu kwa sabuni na maji kila siku, kukausha katikati ya vidole, kutibu nyufa na fangasi. Bandeji juu ya ngozi iliyopasuka na haijaoshwa hufungia vijidudu ndani.

Usiku ni mahali ambapo mikanda iliyolegezwa kidogo, au vazi la usiku lenye sponji, hushinda waziwazi. Soksi hupumzishwa. Anayeona uvimbe wake wa asubuhi ni mkubwa kama wa jioni ndiye anayehitaji kitu cha usiku. Anayeamka mguu ukiwa umeshuka anaweza kulala bila kitu.

Kwa chochote utakachochagua, vidole vikibadilika rangi na kuwa vyeupe au vya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, vua mara moja. Kama rangi hairudi ndani ya muda mfupi, tafuta msaada.

Soksi ipimwe baada ya mguu kushuka, asubuhi au mara tu bandeji zinapofunguliwa. Soksi iliyopimwa jioni kwenye mguu uliofura itakuwa imeutengenezea uvimbe nyumba. Nunua mbili, moja mwilini na moja inakauka, kwa sababu kufua kila siku ndiko kunakorudisha mpira kwenye hali yake. Baada ya miezi mitatu hadi sita kitambaa kimechoka hata kama hakijatoboka, na mguu hupimwa upya kila mara kabla ya kuagiza nyingine, bila kunakili vipimo vya zamani. Kama mzingo umeongezeka kwa vipimo viwili mfululizo ilhali soksi ni mpya na inavaliwa, usikimbilie daraja kali zaidi. Rudi kwenye bandeji kwa wiki mbili au tatu, ushushe mguu, kisha upimwe.